Mawese ya kichwa na mawese ya chungu

Mara mingi watu wakisikia neno «mila», wanafikiri palepale ndoa, matanga, uchifu na ngoma. Wachache wanafikiri kichwa cha mtoto kilichobanwa katikati ya magoti ya mama yake siku ya posho, kitana mkononi na kikopo cha mafuta pembeni. Lakini pale pia kuna mila, tena mila yenye kutuuliza swali gumu. Tuliweke hivi: nyumbani kuna chupa moja tu ya mawese. Mtoto ana nywele kavu, zisizo na mwangaza, zinazokatika ukizigusa. Na chakula cha jioni kinangoja. Mafuta yale yaende wapi, kichwani ao katika chungu?

Wengine watacheka na kusema hayo ni mambo ya wanawake. Sisi tunaona ni swali la kila mtu mwenye kulea, na kwa sababu hiyo tumeliandikia kurasa hizi.

Tuanze na dawa zenyewe, maana hatuwezi kuhukumu kitu tusichokijua. Katika upande wetu wa Kivu, toka Uvira mpaka Fizi na Baraka, pahali ngazi zinaota vizuri, nyumba za zamani zilijua mafuta ya namna mbili. Ya kwanza ni mawese mekundu, yanayotoka katika nyama ya tunda. Ya pili ni mafuta ya mise, yanayotoka katika kokwa. Kokwa zinavunjwa kwa jiwe, zinakaangwa mpaka zinakuwa nyeusi, zinatwangwa, zinatokoswa na maji, na mafuta yanapanda juu. Ni meusi, na harufu yake ya moshi inajulikana toka mbali. Vijana wa leo wanaikimbia. Hayo ndiyo yalipakwa watoto wachanga mwili mzima, na ndiyo yaliwekwa katika nywele kavu. Kule milimani, kwa Bashi na Bahavu, na kwa jirani zetu wa Rwanda, watu wa ngombe walitumia siagi. Kusini, kwa Baluba, unga mwekundu wa mti, ule wanaouita nkula, ulichanganywa na mafuta kisha ukapakwa mwilini na kichwani.

Je, dawa hizi zinasaidia kweli? Hapa walimu wa biolojia watatuunga mkono. Unywele tunaouona juu ya ngozi hauna uhai. Ni uzi wa protini unaoitwa keratini. Kilicho hai kiko chini, katika shina lake ndani ya ngozi. Ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake yenyewe, na kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka mafuta hayo yanateremka mpaka nchani bila shida. Kwetu sisi uzi umejikunja kama chemchemi ya kalamu, na mafuta yanabaki palepale kwenye ngozi. Kwa hiyo nywele za Mwafrika zinakauka sababu ya umbo lake, si sababu ya uchafu wala laana. Tunapenda jambo hili lifundishwe mashuleni, kwa kuwa tumesikia mara mingi watoto wakiambiwa kama nywele zao ni «mbaya».

Kinacholainisha nywele ni maji. Kazi ya mafuta ni kuyazuia maji yasipotee upesi. Mama zetu walijua utaratibu huo bila kusoma: maji kwanza, mafuta nyuma. Na mafuta ya mise yana jambo lingine tena. Mwaka 2003, watafiti wa India walitangaza kama mafuta ya nazi yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, lakini mafuta ya alizeti na yale yanayotoka katika petroli hayafanyi hivyo. Walieleza kama sababu yake ni asidi ya lauriki, iliyo nyingi katika nazi. Mafuta ya mise nayo yana asidi hiyohiyo, karibu nusu ya mafuta yote. Si ajabu basi kama wazee walichagua kokwa kwa kichwa na nyama ya tunda kwa chungu. Hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na vichwa vingi na miaka mingi ya kutazama.

Sasa tuangalie mapishi yanayozunguka leo katika saluni na katika mazungumzo ya dada zetu. Ponda avoka mbili zilizoiva, ongeza kiini cha yai, kijiko cha asali, ndizi moja, pakala, funga na kitambaa, ngoja nusu saa. Wanasema ni «naturel», kwa hiyo ni nzuri. Neno hili «naturel» limekuwa kama baraka ya padri: likiwekwa juu ya kitu, hakuna anayeuliza tena. Lakini ndimu nayo ni ya asili, na ukiipaka kwenye ngozi kisha ukatoka juani inaweza kukuunguza. Yai nalo ni la asili, na protini yake ni kubwa mno, haiwezi kuingia ndani ya unywele. Inakaa juu, kisha maji yanaibeba. (Na yule anayesuuza kwa maji ya moto atajikuta na omelete kichwani. Tunayasema haya kwa kuwa yametokea, na nyumba nzima ilicheka juma zima.)

Tuhesabu kidogo. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kilokalori karibu 120. Mawese mekundu, kama hayakuchomwa mpaka kuwa meupe, yana karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na ya kupigana na magonjwa. Mapishi yote ya kichwa tuliyoyataja, tukiyaweka juu ya meza, ni chakula. Tena ni chakula cha maana kupita bugali ambao watoto wengi wanaupata peke yake. Mwaka 2024 ilihesabiwa kama zaidi ya watu milioni 25 katika Kongo yetu hawapati chakula cha kutosha. Katika inchi kama hiyo, kupaka yai kichwani si tena jambo la urembo tu.

Na hapa tunafika mahali penye uzito. Kuna nywele kavu za umbo, tulizokwisha kueleza. Lakini kuna pia nywele kavu za njaa, na macho yasiyofundishwa yanazichanganya. Watu wa Kivu wote wanajua neno bwaki. Waganga wanaita kwashiorkor, neno la lugha ya Kiga ya Ghana, lililoingizwa katika vitabu vya dunia na mganga Cicely Williams mwaka 1935. Maana yake inaelekea kwa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa wakati mdogo wake amezaliwa. Hapa kwetu, Lwiro katika Kabare, waganga na watafiti walishughulika na ugonjwa huu kwa makumi ya miaka. Alama zake ni miguu kuvimba, ngozi kubanduka, mtoto kukosa furaha. Na nywele: zinapoteza weusi, zinakuwa nyekundu ao za rangi ya vumbi, zinanyooka, zinakuwa nyepesi, na ukivuta kidogo zinatoka bila mtoto kulia.

Jambo linalotushangaza sana ni hili. Unywele unakua karibu sentimetre moja kwa mwezi. Mtoto akipata miezi mibaya, kisha mizuri, kisha mibaya tena, nywele zake zinaonyesha mistari: kipande cheupe, kipande cheusi, kipande cheupe. Waganga wanaiita alama ya bendera. Unaweza kusoma katika kichwa cha mtoto lini familia ilikimbia shamba na lini ilirudi, lini baba alikuwa na kazi na lini mshahara ulisimama. Sisi tunaofundisha, tukitembea katikati ya mabanki wakati wa mtihani, tunaona vichwa kuliko nyuso. Vile vichwa ni daftari, na hatukuviandika sisi.

Tulisikia siku moja mama akizungumza na muuguzi katika kituo cha afya. Mama alisema: «Muganga, miye napakala huyu mutoto mafuta kila siku, lakini nywele zake zinaendelea tu kuwa nyekundu.» Muuguzi, mwanamke wa umri, hakumkaripia. Alimjibu: «Mama yangu, nywele haikulaka mafuta. Yeye mwenyewe anakulaka nini?» Mama alinyamaza. Kisha akasema pole pole: «Bugali na sombe. Mara moja moja.»

Je, mama huyu alikuwa anadanganya? Ndilo swali letu la kweli. Kuna watu wanaosema ndiyo. Wanasema mama anapaka mafuta ili majirani wasione njaa. Anaficha alama ambayo ingemwokoa mtoto. Anapamba ukuta wa nyumba wakati mchwa wanakula nguzo. Hoja hii ina nguvu na hatuwezi kuipuuza. Mafuta yanaweza kweli kuficha. Nywele zilizofifia, zikipakwa mawese, zinang'aa, na rangi nyekundu ya mawese inachanganya rangi nyekundu ya bwaki. Mtu anayepita atasema mtoto ni mzuri.

Lakini tuwe na haki. Kwa watu wetu, nywele zilikuwa zinasema tangu zamani. Aliyefiwa alinyoa, ao aliacha nywele bila kuchana mpaka matanga yaishe. Nywele zilionyesha nani ni mjane, nani amezaa, nani ni mkubwa. Mtoto mwenye kichwa kikavu, cha vumbi, alikuwa anasema jambo moja: sina mtu. Basi mama anayepaka mafuta anajibu maneno hayo. Anasema: huyu ana mtu. Na hilo si bongo. Ni kweli kabisa, hata kama chungu kimekauka.

Tukumbuke pia kama hakuna mtu anayeweza kusuka kisogo chake mwenyewe. Kila kichwa kilichopangwa vizuri ni alama ya mikono ya mtu mwingine na saa zake. Katika makumbusho kuna vitegemeo vya kichwa vya mti, vilivyochongwa kwa Baluba wa Shankadi mwisho wa karne ya 19. Jina la fundi mmoja mkubwa halikuandikwa; wataalamu wa Ulaya wamempa jina kufwatana na nywele alizozichonga, zinazoshuka kwa tabaka kama maporomoko ya maji. Nywele namna ile hazisukwi kwa saa moja. Mtu alikubali kulala kichwa juu ya kipande cha mti ili kazi ya wenzake isiharibike usiku. Je, watu wale hawakujua njaa? Waliijua. Lakini hawakukubali kama mtu ni tumbo peke yake. Na hata leo, pale watu waliokimbia vita wanapolala katika mahema, utaona wanawake wamekaa kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wakisukana. Anayewaambia waache mambo hayo kwanza watafute chakula, hajaelewa wanachotafuta.

Kwa hiyo tunakataa majibu mawili mepesi. Jibu la kwanza linasema: mafuta yote katika chungu, nywele ni anasa. Jibu la pili linasema: ni mila yetu, ni ya asili, tusiiguse. La kwanza linamgeuza mtoto kuwa gunia la kujaza. La pili linaigeuza mila kuwa kitambaa cha kufunika macho.

Tate wetu mwanamke alikuwa na desturi ambayo tuliiona kila jioni, na ambayo hatukuelewa maana yake mpaka tulipokuwa na watoto sisi wenyewe. Akimaliza kutia mawese katika sombe, hakunawa mikono palepale. Mafuta yaliyobaki katika viganja alipakala wajukuu: kwanza miguu yenye vumbi la njia, kisha nywele. Alifanya hivyo karibu na moto, pahali penye mwangaza, na vidole vyake vilikuwa vinatafuta katika nywele huku akizungumza mambo mengine. Alikuwa anatafuta vidonda, chawa, na mashina yaliyobadilika rangi. Mtoto ambaye kichwa chake hakikumpendeza alipata sahani yake ya kwanza, na kipande cha ndagala zaidi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Chungu kilipata haki yake na kichwa kikapata haki yake, kwa mafuta yaleyale. Lakini chungu kilitangulia, na kabla ya vidole kupaka, vilisoma.

Hapo ndipo sisi tunaweka mpaka. Kupaka mafuta ni haki na ni wema kama mkono unaopaka unatazama. Kunageuka bongo pale mkono unapopaka ili usitazame. Dawa ni ileile, kikopo ni kilekile, mama ni yuleyule. Tofauti iko katika macho. Tunajua wengine watatuambia kama mpaka huu hauonekani, kwa kuwa hakuna anayeweza kuingia ndani ya moyo wa mama. Ni kweli. Lakini mama mwenyewe anajua. Na mila yenye kufundisha mkono bila kufundisha macho imepoteza nusu yake njiani, hata kama mafuta bado ni ya mise na kitana bado ni cha mti.

Juu ya defrizan hatutasema mengi, kwa kuwa si dawa ya nyumbani, ijapokuwa imeingia katika nyumba zote. Zile zenye soda kali zinavunja umbo la unywele, na zikikaa dakika nyingi zinaunguza ngozi. Wasichana wetu wenye makovu nyuma ya masikio wanajua. Mwezi wa kumi wa mwaka 2022, watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walitangaza matokeo ya wanawake 33.497 waliofwatwa karibu miaka 11: kwa wale waliotumia mara mingi dawa za kunyoosha nywele, walikadiria kama 4 hivi kwa 100 wangepata kansa ya mfuko wa uzazi mbele ya kufika miaka 70, na kwa wasiotumia ni chini ya 2. Uhusiano kama huo si uhakika wa sababu, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Lakini msichana anayeambiwa na shangazi yake «nywele zako ni ngumu, nenda ukazichome» ana haki ya kuyasikia haya kabla ya kukaa kwenye kiti.

Kuna mtu atasema kama sisi wanaume na wanawake wa chaki tunaongea sana, na nyumbani hakuna wakati. Basi tuseme namna tunavyofanya, kwa urahisi. Siku ya posho, mbele ya mlango, si ndani ya giza. Nywele zinalowanishwa kwa maji ya vuguvugu. Mafuta ya mise matone machache katika kiganja, si kikombe. Mafuta mengi yanakamata vumbi, na harufu itamfwata mtoto mpaka darasani. Kitana kinaanza nchani, kinapanda pole pole kwenye shina, maana ukianza juu unavunja. Wakati wa kugawanya nywele, angalia ngozi: kama kuna viraka vya mviringo vyenye magamba na nywele zilizokatika, mafuta hayataponya, ni ugonjwa wa kuambukizana, na mtoto anahitaji dawa ya kumeza toka kwa mganga, kitana chake kisipite kwa wengine. Angalia rangi ya shina. Vuta nywele chache taratibu. Zikitoka zenyewe, ao shina likiwa na rangi ya vumbi, bonyeza kidole juu ya mguu wake. Shimo likibaki, acha kitana palepale na umpeleke kituo cha afya siku hiyo, si juma lijalo.

Na kama rangi ni nzuri, shina ni jeusi na mtoto analalamika tu kama unamvuta, suka. Yai liende katika maharagi.